Anayekataa Vifurushi vya Ziada Ana Hoja

Ukisasisha Debian au Ubuntu, mifumo ya kompyuta ya jamii ya Linux, apt (programu ya kusakinisha) hukuorodheshea vifurushi vipya, yaani programu na maktaba zake, vitakavyoingia ingawa hukuviomba. Wengi hubonyeza Y na kuendelea. Anayesita huonekana msumbufu: diski zina nafasi tele, ya nini kugombania megabaiti chache?

Lakini nafasi ya diski ndiyo hoja hafifu kuliko zote. Linalomsumbua ni kwamba kila kifurushi ni kazi ya mtu mwingine inayoaminiwa ndani ya mashine yake. Machi 2024 iligundulika kuwa xz, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ilikuwa imepachikwa mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingilia) uliolenga sshd, programu inayopokea wanaoingia kwenye seva kutoka mbali kwa SSH. OpenSSH, mradi unaotengeneza sshd, wenyewe hauna haja na liblzma, maktaba ya xz. Ni Debian, Fedora na mifumo mingine ya Linux iliyoiongezea sshd kiraka (badiliko dogo la msimbo) kinachotumia libsystemd, maktaba ya systemd, na libsystemd ikaja na liblzma. Kiraka hicho kilihitajika ili sshd iijulishe systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, kwamba iko tayari. Taarifa fupi kiasi hicho, na maktaba ya kubana mafaili ikajikuta ndani ya programu inayolinda lango la seva! Andres Freund, mtengenezaji wa programu, aliushtukia mchezo baada ya kuona SSH inachelewa kwa takriban nusu sekunde.

Ni kweli, utegemezi ule ulikuwa wa lazima. Mtumiaji asingeuepuka kwa kuandika --no-install-recommends, chaguo linaloiambia apt iache vifurushi vinavyopendekezwa tu. Hata hivyo unaonyesha kwa nini kuuliza “hiki kimeletwa na nani?” si ukaidi.

Watunzaji wa vifurushi nao wasibezwe. Vifurushi vinavyopendekezwa huwekwa kwa sababu watumiaji wengi watavihitaji, na anayevizima vyote hukuta kitu hakifanyi kazi, kisha lawama zikamwangukia mtunzaji. Kung'oa kwa nguvu kifurushi kinachotegemewa na vingine, kwa amri ya dpkg --force-depends, ni kubaya zaidi: apt itagoma kusakinisha chochote hadi mfumo urekebishwe.

Ila kukataa kwa utaratibu kunawezekana. Katika Ubuntu 20.04, chromium-browser (kivinjari cha Chromium) ilikuwa kifurushi kitupu kinacholeta snapd, programu ya kusakinisha vifurushi vya aina nyingine viitwavyo snap; basi Linux Mint 20, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu hiyo, iliizuia snapd kwa faili dogo ndani ya /etc/apt/preferences.d, lenye Pin-Priority: -10, yaani isisakinishwe. Hakuna kilichovunjwa, na anayeitaka snapd hulifuta faili hilo. Kwa vifurushi vingine, anza na amri ya aptitude why ukitaja jina la kifurushi; utaona mnyororo uliokileta, na kama umeshikiliwa na pendekezo tu, unaweza kukiondoa.