Ile klipu ya mimi "kuoga mbele ya wageni", ukweli wake ni huu

Jamani naombeni muache kunitumia ile klipu, nimeshaiona, nimo mwenyewe humo. Na rafiki yangu aliyeirusha na maneno ya "mwenzenu kaamua kuoga mbele ya wageni", nakusubiri hosteli.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa siku ya kuwatembeza madogo wanaotaka kujiunga na chuo, wako na wazazi wao, kama watu thelathini hivi. Kwa upande wa sayansi alitakiwa awepo mtu wa sayansi, hakutokea, nikapewa mimi. Mimi nasoma historia. Nikapewa tisheti nyeupe, kipaza sauti cha mkononi na onyo moja tu: maabara unaongea, hugusi kitu.

Maktaba niliua. Nikawaambia vitabu vimepangwa kwa mfumo wa namba wa Dewey, umeanza 1876, ukitaka kemia nenda 540, historia panda mpaka 900, nikaona mama mmoja anamfinya mwanae aandike. Hapo ndo sifa zilipoanza kunipanda, na mkinijua mnajua zikishapanda hazishuki kwa amani.

Tukaingia maabara ya kemia. Kulikuwa na mzee mmoja, mikono nyuma, toka asubuhi ananiuliza maswali magumu utasema ananihoji kazi. Akanyoosha kidole juu karibu na mlango: bomba limetoka darini, mwisho wake kuna kichwa cha shawa kikubwa kama sinia, pembeni kinaning'inia kishikio cha pembetatu. Nikamwambia shawa ya dharura hiyo mzee wangu, ukimwagikiwa na asidi unakimbilia hapo. Akaangalia sakafu. Akasema, "Mbona hapa chini hakuna tundu la kutolea maji?"

Nikaangalia. Kweli halipo.

Wadau, ningesema sijui, leo tungekuwa tunaongea mengine. Ila mtu mwenye kipaza sauti hasemi sijui. Nikajibu kwa sauti ya kihadhiri kabisa, "Swali zuri sana. Halina kwa sababu haina maji, hii ni ya kuonyeshea tu." Na ili waamini nikasimama pale pale chini yake nikavuta.

Sekunde ya kwanza kimya. Nikatabasamu. Nikamwangalia mzee, yani kwa ile "si unaona". Halafu juu ya dari kitu kikanguruma, ngrrrr, kama mtu anasafisha koo. Tone moja likatua kwenye paji la uso, la rangi ya kutu, nakumbuka niliwaza "hili limetoka wapi". Na hapo ikafunguka. Sio mvua ile, ni pipa limepinduliwa. Tisheti nyeupe ikawa kahawia. Nikaachia kishikio fasta nikijua itajifunga, haikujifunga, nikakivuta tena chini, wapi, nikakining'inia kabisa. Sikutoka, sijui kwanini sikutoka, miguu ilishasahau kazi. Na kipaza sauti nimekishika karibu na mdomo kinawaka, kwa hiyo nilivyopiga kelele "MAMAAA" lilisikika mpaka jengo la pili, na mama mmoja kwenye msafara akaitika, "Bee mwanangu!"

Fundi wa maabara akaja anatembea, hakimbii, anatembea, akakisukuma kile kishikio juu kwa kidole kimoja. Kimya. Akaniambia ukivuta inafunguka na inabaki wazi yenyewe, ndo ilivyotengenezwa, maana aliyeungua na kemikali anahitaji mikono yote miwili avue nguo. Inatakiwa imwage kama lita 75 kwa dakika, kwa dakika 15. Na tundu maabara nyingi hazina, maji yanakuwepo. Akaonyesha bango nyuma yangu, yote yameandikwa, na mchoro upo.

Nikadeki, nikaandika barua ya maelezo, kipaza sauti kimekufa, basi. (Na wale mnaouliza simu: mfuko wa nyuma, nayo haipo tena, msipige.)

Ila ziara ilikuwa bado haijaisha, ikabidi niwapeleke hosteli hivo hivo, kama kuku aliyenyeshewa, viatu vinalia chwaku chwaku, msafara mzima umekaa nyuma yangu hatua kumi. Tukafika. Nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, jamani kuna mwenye swali la mwisho? Kimya. Halafu nyuma kabisa mkono ukapanda taratibu, yule yule mzee.

"Kijana, na kile kisinki kidogo pembeni ya ile shawa, kilichoandikwa cha kuoshea macho, nacho ni cha kuonyeshea tu?"