Dr. Feelgood haikusifia unga

Mwandishi wa makala moja anasema Dr. Feelgood ya Mötley Crüe, bendi ya roki ya Marekani, ni albamu ya kusifia unga, yaani dawa za kulevya. Ndugu yangu, hapo umeteleza. Desemba 1987 Nikki Sixx, mpiga besi wao na mtunzi mkuu, alizidisha heroini Los Angeles hadi akahesabiwa maiti, kisha akazinduliwa. Wimbo wa Kickstart My Heart, uliomo kwenye albamu hiyo, umetokana na tukio hilo hilo. Sikiliza gitaa linavyoguruma mwanzoni, kama pikipiki inayopanda gia, halafu ngoma zinaingia kwa kishindo. Mimi hadi leo nywele zinanisimama!

Albamu yenyewe ya 1989 waliirekodi Vancouver, Kanada, wakiwa wameshaacha ulevi, na prodyuza Bob Rock akawa anawarekodi mmoja mmoja ili wasivurugane. Ikashika namba 1 Marekani. Albamu zao za nyuma, za enzi za kulewa chakari, hazikufika hapo.

Wimbo uliobeba jina la albamu unamsimulia muuza unga, ndiyo. Kumsimulia mtu si kumpigia debe. Kuhusu manywele yao na wanja waliojipaka, chekeni tu. Mimi kaseti yangu niliificha chini ya godoro, mzee asije akaona lile jambia lenye nyoka kwenye jalada.