Usiniambie Kipaji Hakiandaliwi

Jumapili iliyopita nilipita Chikongola, hapa Mtwara, kumjulia hali mama mmoja aliyetulea sote mtaani. Mkononi nilikuwa na mfuko kutoka stesheneri: karatasi za manila, chupa mbili za wino mweusi, kalamu, rula mpya. Jirani mmoja akachungulia ndani, akaniuliza vya nini. Nikamwambia Jumamosi hii nafanya ile changamoto ya kuchora katuni ya kurasa 24 ndani ya saa 24, nimeanza kujiandaa tangu mwezi uliopita. Akanitazama kwa huruma. "Dada, wewe si una kipaji? Kipaji hakiandaliwi."

Waliokuwepo wakaitikia kwa vichwa, chai ikaendelea. Mimi chai ilinishinda. Maneno hayo nimeyasikia tangu darasa la nne, na nimeona yalivyowaachisha kalamu watoto niliosoma nao. Mtoto akichora vizuri, anaambiwa kajaliwa. Siku mkono ukigoma, anaamini alichojaliwa kimemwondoka, anaacha. Hakuna aliyemwambia kwamba mkono hufundishwa.

Mjomba wangu anachonga mpingo Newala. Likizo zangu nyingi za utotoni nilikaa kwenye kibaraza chake, na ninachokikumbuka zaidi ya vinyago ni sauti ya jiwe la kunolea. Asubuhi nzima ananoa tezo, ananoa patasi, anajaribu makali kwa ukucha, anarudia. Jua linapanda juu ya mikorosho, gogo halijaguswa. Siku moja nilichoka kusubiri nikamuuliza, "Mjomba, leo unachonga nini?" Akasema, "Sijui, mwanangu. Gogo litasema lenyewe. Lakini likisema, lisinikute natafuta tezo."

Sijapata maelezo bora ya changamoto hii kuliko hayo. Scott McCloud wa Marekani alipoianzisha mwaka 1990, kwa kumpa changamoto mchoraji mwenzake Steve Bissette, aliweka sharti lililo karibu sana na kibaraza cha mjomba. Kurasa 24 ndani ya saa 24 mfululizo. Ukilala, saa inaendelea kuhesabu. Kabla ya saa kuanza huruhusiwi kuchora hata mhusika mmoja, wala kuandika mtiririko wa hadithi. Lakini vifaa, chakula, muziki, picha za kuangalizia, hivyo kusanya utakavyo. Yaani noa tezo, gogo liache.

Ndiyo maana wanaokuja na hadithi yao imeshapangwa kwenye daftari wananiudhi kuliko hata yule jirani. Kuna kijana aliniambia kwa fahari kwamba wahusika wake wote ameshawachora, siku yenyewe atahamisha tu. Mdogo wangu, sasa unakesha kwa ajili ya nini? Uzuri wote wa siku ile uko pale unapofika ukurasa wa 9 bila kujua wa 10 una nini, na mkono unalazimika kwenda mbele ya akili. Ukijinyima hapo, umebaki na usiku mmoja wa kukosa usingizi.

Mimi nimenoa hivi. Kila Jumanne na Alhamisi, mtoto akishalala, nachora ukurasa mmoja wa kisa chochote kilichonijia jioni hiyo, saa ikiwa mezani. Wa kwanza ulinichukua saa 1 na dakika 50. Niliogopa. Nikaanza kuchunguza muda unapotelea wapi, nikakuta haupotelei kwenye sura wala mikono. Unapotelea kwenye viputo vya maneno.

Kiswahili chetu kina maneno marefu. Mtu akisema "hawajatuambia" au "tutakapowakuta", neno moja tu linataka mstari wake lenyewe, na huwezi kulikata popote. Nilikuwa nachora watu kwanza, kisha nabana maneno kwenye nafasi iliyobaki, herufi zinakuwa kama sisimizi, nafuta, karatasi inachakaa. Sasa naandika maneno kwanza, nazungushia kiputo, halafu msemaji anachorwa pale palipobaki. Nimepunguza na fremu, vile visanduku vya picha, kutoka 6 kwa ukurasa hadi 4. Ukipiga hesabu, kwa kurasa zote 24 ni fremu 96, dakika 15 kila moja, bila kulala. Wiki hii nimefika dakika 58 kwa ukurasa, mara mbili mfululizo. Hakuna kipaji kilichofanya hivyo. Ni Jumanne na Alhamisi.

Halafu kuna hewa yetu hii ya baharini. Wanaochorea sehemu kavu hawajui karatasi inayolegea kufikia usiku wa manane, wala wino usiokauka mpaka kiganja kiufute. Nimeshona kitambaa cha kulaza chini ya mkono, na nimeokota kokoto Shangani za kukandamizia karatasi feni ikiwashwa. Taa ya sola ipo, kwa sababu mwaka jana umeme ulikatika saa saba usiku nikaishia ukurasa wa 13. Korosho hazisogei mezani kwangu. Mafuta yake yakishika vidole, wino haukai. Badala yake dada ataniletea ming'oko, ile mizizi yetu ya kuliwa, iliyokwisha kumenywa.

Picha za kuangalizia nilipiga Mikindani: milango ya zamani, ngalawa zilizopwelewa, namna kamba inavyofungwa kwenye mlingoti. Sijui kama hata moja itatumika.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo wanaoweza bila haya yote. Mwaka jana kijana mmoja alikuja na rimu ya karatasi na soda, akamaliza zote 24 asubuhi na mapema, na kazi ilikuwa nzuri. Nilimpongeza kwa moyo. Lakini nilimuuliza baadaye: huwa anachora kila siku kwenye foleni ya kibandani anakouzia vocha. Kwa hiyo naye alinoa, ila tu hakuuita unoaji.

Na ambao hawatafika 24 wasione haya. Wapo waliosimama saa 24 zilipotimia na kurasa pungufu, kama mwandishi Neil Gaiman, na wapo walioendelea mpaka kurasa zikatimia, kama mchoraji Kevin Eastman. Namna zote mbili zimepewa majina yao na zinaheshimiwa.

Naanza Jumamosi saa tatu asubuhi. Mume wangu atakuwa na mtoto, simu itakuwa kwake. Yule jirani wa Chikongola namkaribisha, na sisemi kwa hasira. Kiti kipo. Aje saa tisa usiku, wakati natakiwa niwe nimemaliza ukurasa wa 18, akae karibu na taa anitazame mkono.