Fielden mbona hatajwi?
Makala tuliyosoma yanadai kwamba Lord Shaftesbury, mwanasiasa wa Uingereza, akiwa katika Baraza la Malodi (baraza la juu la bunge) kwa kurithi, ndiye aliyepitisha sheria ya 1847 ya saa 10 za kazi kwa wanawake na vijana viwandani. Aliipigania kwa miaka mingi, ni kweli, lakini mwaka huo alikuwa bado Lord Ashley, hakurithi cheo hadi 1851, tena sheria ilipopitishwa hakuwa hata bungeni, kwani alijiuzulu 1846 kutokana na mvutano wa sheria za nafaka (za ushuru wa nafaka kutoka nje), aliyeufikisha muswada mwisho ni John Fielden, mwenye viwanda vya pamba (ajabu, sivyo?). Sifa ya Shaftesbury isiyo na ubishi ni sheria ya migodi ya 1842, iliyowatoa chini ya ardhi wanawake, wasichana na wavulana wasiotimiza miaka 10, wakiwemo waliokaa gizani kutwa wakivuta kamba za milango ya hewa. Wasomaji wenzangu, kwa nini Fielden husahauliwa?