Sikutaga, Jamani

Najua wengi wenu mmeshaipata ile hadithi ya mwalimu wa Hesabu, eti mimi mwalimu wa Kiingereza nimetaga darasani. Kaisimulia mpaka kwa watu wasionijua, na kila akisimulia anaongeza chumvi. Sasa nisikieni mwenye mkasa, maana ni juzi tu na masikio bado yanawaka. Kwanza, sikutaga. Pili, kuchuchumaa nilichuchumaa, ila ina maelezo yake.

Ilikuwa wiki ya marudio ya Kiingereza kabla ya mtihani. Nilikesha nasahihisha insha, na kalamu nyekundu ikikaa mkononi mwangu usiku kucha najiona jaji. Mada ilikuwa siku niliyougua. Mmoja kaandika: "I was tired, so I lay on the bed." Nikaguna. Mambo ya jana, halafu "lay"? Wakati uliopita umeenda wapi? Nikaikata kwa mstari mnene hadi karatasi ikatoboka, juu yake nikaandika "laid", pembeni nikaongeza "Soma!" na alama moja nikaipokonya. Wenzake 11 walioandika vivyo hivyo nao wakaonja. Wala sikujiuliza watu 12 wamekaaje kukosea kosa moja, na insha zao ndizo nzuri kuliko zote.

Asubuhi nikaingia darasani kifua mbele. Nikaandika ubaoni, herufi kubwa kama tangazo la msiba: "Yesterday I laid on the bed for three hours." Nikapigia "laid" mistari miwili. Nikawaamuru wairudie kwa sauti, wakairudia mara tatu, nami naongoza kwa chaki kama mwalimu wa kwaya.

Mkono ukanyooshwa. Binti ambaye tangu muhula uanze sikumbuki kama nimewahi kusikia sauti yake.

"Samahani Mwalimu. Kamusi inasema 'lie' ya kujilaza, ikiwa ya jana inakuwa 'lay', halafu 'lain'. 'Laid' inatoka kwenye 'lay', ya kulaza au kuweka kitu." Akanyamaza kidogo. Kisha akamalizia kwa adabu ile inayouma kuliko tusi: "Au ya kuku."

Hapo mwenye akili angesema ahsante mwanangu, hebu tuangalie pamoja. Mimi nikasema, "Kamusi zinatofautiana."

(Wewe unayecheka hapo, hata wewe umewahi kuisema.)

Sasa twende polepole. "Laid" ni kitenzi elekezi. Hakisimami bila shamirisho, lazima useme umeweka nini. Ukikiacha pekee, kama nilivyokiacha mimi ubaoni, msomaji anaanza kutafuta mwenyewe hicho ulichoweka, na kiumbe anayeweza kufanya kitendo hicho bila kuulizwa "nini" ana manyoya. Haya yote nayajua! Nimeyafundisha! Nikatazama darasa. Macho yote yamerudi ubaoni, midomo inacheza bila sauti, wanatafsiri: jana... nili... kitandani... kwa saa tatu.

Vidole vikalegea. Chaki ikadondoka, ikabingirika mpaka chini ya meza. Nikaifuata. Na hapa naomba mnielewe, meza ile ni fupi, huwezi kuinama tu. Nikachuchumaa. Mkono mmoja umeshika ukingo wa meza, shingo nimeinyoosha mbele, uso nimeukunja kwa kujikakamua, maana chaki ilikuwa mbali.

Sauti ikatoka nyuma ya darasa, tulivu kabisa, kama ya mtu anayetaka kuelewa somo:

"Mangapi?"

Neno moja. Hakutaja mayai. Atayataja ya nini, na ngeli imeshamsemea?

Kimya kikaingia, labda sekunde mbili, kwangu mimi muhula mzima. Na badala ya kubaki palepale chini ya meza mpaka nistaafu, nikainuka. Taratibu. Nikasimama mbele ya darasa, jasho likinitiririka, na mkononi, kati ya vidole viwili, nimeshika kitu cheupe.

Darasa likapasuka. Kuna aliyeporomoka kutoka kwenye dawati akajilaza sakafuni (huyo ni "lay", si "laid", sasa naijua kuliko jina langu). Mwingine akatetea, kutetea kwenyewe, ile ya kuku aliyemaliza kazi na anataka kijiji kizima kijue. Na dirishani, vitabu kifuani, mdomo wazi, nani? Mwalimu wa Hesabu. Kwa hiyo aliyoyaona ni mtu anainuka kutoka kuchuchumaa na kitu cheupe mkononi huku wanafunzi wakishangilia. Kusema kweli, ningekuwa mimi ningesimulia pia.

Mengine nayapitia mbio. Nilifungua kamusi, binti yuko sahihi. Nilifungua ya pili, binti bado yuko sahihi. Nikaomba radhi, nikarudisha alama zote 12, ile karatasi iliyotoboka nikaibandika utepe. Mmoja akauliza kama ile "kamusi zinatofautiana" tuipeleke kwenye "lie" nyingine, ya kusema uongo, ambayo jana yake ni "lied". Nikamwambia ndiyo, ipeleke. Ofisini nimeulizwa kama nahitaji trei. Jina langu jipya mnalijua, msiliandike hapa, mama yangu anasoma.

Leo asubuhi nimekuta sentensi ubaoni, mwandiko wa kujificha: "Our teacher laid the chalk on the table." Chini yake, kwa herufi ndogo: "Jibu: 1."

Nimesimama pale na chaki yangu natafuta kosa. Kitenzi elekezi, shamirisho ipo, wakati ni sahihi, hata nukta wameweka.

Nikaitia vema.