Sakoshi ya Madamu

Mpwa wangu ana miaka minane, yuko mwaka wa tatu wa primeri huku Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Wiki jana nilimuuliza masomo yamekwendaje. Habari za hesabu hakuzitaja. "Tonton, leo Madamu iko na kasirani." Ulijuaje? "Alitupa sakoshi juu ya meza." Yaani mkoba wake.

Basi, darasa zima limeshajua siku itakuwaje: nani asiinue kidole, nani asithubutu kuomba kutoka. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu, Februari 2025, masikio ya watoto wetu hayalali; mlango ukibamizwa tu, wote wanageuka. Sisi wazazi jioni tunauliza "umepata ngapi?", na hapo tumemaliza.

Madamu simlaumu sana. Elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa ya bure Septemba 2019, madarasa yalifurika. Nilifurahi, na bado nafurahi, maana kuna watoto wa mtaani kwetu ambao wasingeliona daftari. Lakini pale benchi la watatu linakaliwa na watano, mwalimu hupaza sauti ili wa nyuma wasikie, na yule wa mbele anadhani anagombezwa yeye. Kwa mwalimu ile ni kazi. Kwa mtoto ni hasira, na hakuna anayemweleza tofauti.

Halafu kuna Kifaransa. Miaka miwili ya kwanza walifundishwa kwa Kiswahili, na huyu mpwa wangu alikuwa hanyamazi. Mwaka wa tatu Kifaransa kikashika ubao, naye sasa jibu analijua ila analimeza. Siku moja alikosea neno, wenzake wakacheka, Madamu naye akacheka kidogo. Kicheko cha wenzake amekwisha kukisahau. Kile cha Madamu ananiigizia mpaka leo, na anakipatia kweli, mtundu huyu.

Nikamuuliza ni siku gani anaipenda. Nilidhani atasema Jumapili. "Siku ya mvua." Mvua ikipiga bati hakuna anayesikia kitu, kwa hiyo Madamu anaacha kupiga kelele, anapita kati ya mabenchi, anainama kwa kila mmoja kuangalia daftari, anasemea sikioni. "Siku hiyo ananiita kwa jina."

Jana asubuhi mawingu yalijikusanya juu ya ziwa. Mimi natafuta mwavuli, yeye ameshavaa yunifomu, yuko mlangoni.