Saratani ya kongosho: kichocheo, au seli inayokipokea?

Watafiti wa saratani ya kongosho wamegawanyika. Wapo wanaosema ugonjwa huu unaendeshwa na vichocheo vya ukuaji, yaani protini zinazoiamuru seli igawanyike, basi kizibwe kipokezi, protini ya juu ya seli inayozipokea. Wengine wanataka kwanza ijulikane seli imepevuka kiasi gani, yaani imefikia kiasi gani sura na kazi yake ya kawaida, au imepoteza kiasi gani cha sura yake ya tezi. Hawa wa pili huonwa kama watu waliobaki nyuma na hadubini zao. Dharau hiyo hawastahili.

Wenzao wa vichocheo wana ushahidi, tena si haba. Uvimbe mwingi wa kongosho umejaa EGFR, kimoja cha vipokezi hivyo, na mwaka 2012 ilionekana kwamba panya wasio na kipokezi hicho kwenye kongosho hawapati saratani kwa urahisi hata jeni yao ya KRAS ikiwa imeharibika.

Lakini tazama jaribio lililoipa erlotinibu, dawa ya kuziba EGFR, idhini Marekani mwaka 2005. Kati ya wagonjwa 569, waliotumia dawa hiyo pamoja na gemsitabini, dawa ya kawaida ya kemotherapi, waliishi muda wa kati (nusu waliishi zaidi ya hapo, nusu chini yake) wa miezi 6.24, waliotumia gemsitabini peke yake, miezi 5.91. Toa moja kwa nyingine: siku kumi. Ni kweli waliofikisha mwaka walikuwa asilimia 23 dhidi ya 17, na wapo watakaosema muda wa kati huwaficha hao walionufaika. Sawa, ila ni akina nani? Wingi wa EGFR kwenye uvimbe haukusaidia kuwatambua. Setuksimabu, inayokamata kipokezi hicho kwa nje, haikurefusha maisha kabisa. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani hizi zina KRAS iliyobadilika, na KRAS hufanya kazi baada ya kipokezi, ndani ya seli, na ikibadilika haingoji tena amri yake: unazima swichi ya taa iliyoungwa moja kwa moja kwenye umeme.

TGF-beta, protini ya kupeleka ishara kwa seli, ndiyo inayonishawishi zaidi kwamba seli ndiyo ya kuangaliwa. Seli ya tezi yenye afya huambiwa nayo isigawanyike. Ikishakuwa ya saratani, protini hiyohiyo huisukuma ipoteze umbo na kuhama. Na Hedgehog, njia nyingine ya ishara za ukuaji, je? Ilipozibwa kwa panya, tishu ngumu inayozunguka uvimbe ilipungua, lakini uvimbe wenyewe ukawa mkali zaidi na seli zake zikawa hazijapevuka vizuri. Matokeo hayo yalichapishwa 2014, miaka miwili baada ya jaribio moja la dawa ya kuziba njia hiyo kwa binadamu kusimamishwa kwa sababu waliopewa walikuwa wakifa mapema.

Hoja ya upevukaji nayo ina pengo: uvimbe mmoja unaweza kuchanganya seli zenye GATA6 nyingi, protini inayoonyesha upevu, ambazo bado zinafanana na tezi, na zile zilizoipoteza, na sindano ya kuchukua sampuli hupata kipande kidogo tu. Dawa ya kuzirudisha seli kwenye upevu haijafika kwenye matibabu ya kawaida.

Hivi karibuni wapenzi wa vichocheo wamefurahia nimotuzumabu, nayo ya kuziba EGFR: walioipata pamoja na gemsitabini waliishi muda wa kati wa miezi 10.9, dhidi ya 8.5 kwa gemsitabini bila hiyo. Wanasahau kutaja kwamba wagonjwa wote walikuwa wale wachache ambao KRAS yao haijabadilika, yaani seli ilichunguzwa kabla ya dawa kuchaguliwa.